Lawama Yangu, Adhabu Yako

Wasee, panga pangua ya chama si mabadiliko. Cheki Uingereza, Mei 2021. Labour walipoteza Hartlepool, kiti walichokalia tangu 1974, na madiwani kibao wakaenda na maji. Keir Starmer akasema lawama zote ni zake. Poa. Kesho yake akampokonya naibu wake, Angela Rayner, kazi ya kuratibu kampeni! Chama kikafura, ikabidi ampe rundo la vyeo vipya. Anneliese Dodds akatolewa kwa fedha, Rachel Reeves akaingia.

Sasa msee wa Hartlepool alipata nini hapo? Zii. Mtaniambia Starmer alishinda 2024. Sawa, lakini Boris Johnson na Liz Truss walimsafishia njia. Kiongozi akisema lawama ni yake, aibebe mwenyewe.