Tunauziwa matairi au tunauziwa ajali?

Kuna ugonjwa umeingia nchini na wakubwa hawautangazi, kwa sababu hauwapati wao. Wao wanapanda mashangingi, matairi yanabadilishwa kwa fedha za walipa kodi, na anayeyabadilisha hana haja ya kuuliza bei. Ugonjwa huu unampata mwananchi mwenye pikapu moja ya dizeli, aliyoinunua kwa jasho, ambayo leo inavuta tela la mahindi kutoka Kibaigwa, kesho inavuta tangi la maji, keshokutwa inavuta mashine ya kuchomelea kwenda kwenye mradi. Gari hilo ndilo shamba lake, ndilo duka lake. Siku matairi yanapokwisha, anaingia dukani akiwa na swali moja tu mdomoni: "La bei gani?"

Swali hilo ndilo linalotuua.

Tuanze na injini, maana hapo ndipo udanganyifu unapoanzia. Injini ya dizeli ina nguvu nyingi ikiwa katika mzunguko mdogo. Ukiifungia tela la tani mbili inaondoka taratibu bila kulalamika, na dereva anasema gari limebeba vizuri. Jamani, injini haibebi kitu! Injini inavuta tu. Kinachobeba ni vipande vinne vya mpira vinavyogusa lami, kila kimoja si kikubwa zaidi ya kiganja cha mtu mzima au viwili. Gari la petroli lenye nguvu ndogo lingekataa mzigo kabla tairi halijashindwa. La dizeli halikatai. Linakwenda nao hadi tairi lenyewe liseme, na tairi likisema linasema mara moja.

Kosa la pili ni la mafundi wetu wa mitaani, ambao nawaheshimu kwa mengi. Mwenye gari akilalamika kwamba nyuma inalala akipakia, jibu ni moja: ongeza majani ya springi. Yanaongezwa mawili, matatu, gari linasimama kama mbuzi aliyeinua mkia, na kila mtu anaridhika. Lakini springi hazijaongeza hata kilo moja kwenye uwezo wa tairi. Zimeondoa dalili tu. Zamani gari lililala na ukajua umezidisha. Sasa halilali na hujui kitu.

Uwezo wa tairi umeandikwa ubavuni mwake, kwa tarakimu ambazo muuza duka wengi hawazitaji na wanunuzi wengi hawazisomi. Chukua tairi lililoandikwa 205R16C, kisha mbele yake 110/108R. Herufi C ina maana ni tairi la gari la biashara, la kubeba mizigo. Tarakimu 110 si kilo, ni namba ya jedwali, na katika jedwali hilo 110 ni kilo 1,060 kwa tairi moja. Ile 108 ni kwa magari yanayofungwa matairi mawili mawili kila upande, kilo 1,000 kila moja. R ya mwisho ni mwendo, kilometa 170 kwa saa, ambao hutaufikia wala usijaribu.

Sasa muuza duka anakuletea jingine, 215/70R16 100H. Linaingia kwenye rimu ileile ya inchi 16, ni jipya, linang'aa, bei imeshuka. Anakwambia hili ni la spidi kubwa zaidi. Kweli, H ni kilometa 210 kwa saa. Lakini 100 katika lile jedwali ni kilo 800 tu. Ni tairi la gari la abiria, la kupeleka watoto shule. Kwa tairi moja umepoteza kilo 260 na umeambiwa umepata bahati.

Msomaji asinidhanie natisha watu kwa maneno. Tupige hesabu. Tuseme pikapu yako ikiwa tupu ina kilo 800 kwenye ekseli ya nyuma. Unapakia magunia sita ya kilo mia mia kwenye bodi, na uzito huo karibu wote unaangukia nyuma. Unafunga tela lenye magunia 15, na tela lenyewe lina kilo 500. Jumla ya tela ni kilo 2,000. Tela lililopakiwa vizuri hukandamiza ndoano ya gari kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 200 hapa.

Watu wengi huishia hapo, wakajumlisha 200. Wanasahau mzani. Ndoano iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo inafanya kazi ya mtaimbo: inashusha nyuma na kuinua mbele. Kama ndoano iko meta 1.2 nyuma ya ekseli, na toka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni meta 3, zile kilo 200 zinakuwa kilo 280 juu ya matairi ya nyuma, na matairi ya mbele yanapunguziwa kilo 80. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi ukivuta tela. Wapo wanaousifia wepesi huo!

Jumlisha: 800, na 600, na 280. Ni kilo 1,680. Matairi mawili ya bei poa yanabeba 1,600. Umeshazidisha kabla hujatoka sokoni. Na Marekani tairi la abiria likifungwa kwenye gari la mizigo, uwezo wake hugawanywa kwa 1.1 kwanza, kwa sababu gari la mizigo huyumba na kupigwa mashimo zaidi. Kwa desturi hiyo matairi yako mawili yana kilo 1,454 tu. Yale ya C yana kilo 2,120.

Na hapo nimehesabu gunia la kilo 100. Nani siku hizi anapakia gunia la kilo 100? Lumbesa imepigwa marufuku mara ngapi kwa midomo ya viongozi, na bado iko barabarani mchana kweupe. Tuseme kila gunia limezidi kilo 20 tu. Kwenye bodi umeongeza 120, kwenye tela umeongeza 300, ambazo kwa ule mtaimbo zinaongeza 42 kwenye ekseli. Sasa ni 1,842. Mkulima ameibiwa shambani, na mwenye gari anabebeshwa wizi huo kwenye matairi yake.

Tairi lililozidiwa halipasuki kwa sababu limechoka kubeba kama punda. Linapasuka kwa joto. Kila linapozunguka, ubavu unakunjika na kunyooka, na mkunjo huo unazaa joto. Likizidiwa mzigo linakunjika zaidi. Likikosa upepo linakunjika zaidi. Ongeza mwendo, ongeza jua la saa nane mchana kati ya Dodoma na Morogoro, na gundi inayoshika mpira kwenye nyuzi za chuma inaanza kuachia. Ukanda wa kashata unabanduka. Dereva anasikia mtikisiko, halafu mlio, halafu tela linamsukuma kutoka nyuma.

Wenzetu walilipia somo hili kwa roho za watu. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kurudisha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka hasa kwenye majimbo ya joto. Waliokufa walizidi 200. Kampuni mbili zikanyosheana vidole, moja ikisema tatizo ni tairi, nyingine ikisema tatizo ni gari na upepo mdogo ulioelekezwa na mtengenezaji wa gari. Lakini Bunge lao liliwaita wote, likawahoji hadharani, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kutoa taarifa za kasoro mapema. Hapa kwetu tairi likibanduka, taarifa ya ajali inasema mwendo kasi, na faili linafungwa.

Basi mwenye pikapu afanye nini? Kwanza afungue mlango wa dereva. Kwenye magari mengi kuna kibao kimebandikwa kwenye fremu, kinataja kipimo cha tairi na upepo wa kila ekseli, mara nyingi upepo wa gari tupu na wa gari lenye mzigo. Tairi jipya lisiwe na namba ya uzito iliyo chini ya lile lililotoka kiwandani na gari. Kuipita hakuna ubaya, ila tairi kubwa halikupi ruhusa ya kuzidisha mzigo, maana ekseli, breki na ndoano bado ni vilevile.

Ukikuta neno ply, usihesabu tabaka. Tairi la siku hizi likiandikwa ply 8 halina tabaka nane ndani. Ni namna ya kusema lina nguvu ya tairi la zamani la tabaka nane. Matairi ya Kimarekani yenye LT hutumia herufi badala yake: C ni sita, D ni nane, E ni kumi. C hii si ile C ya 205R16C, na wauzaji wasio waaminifu wanajua kuzichanganya.

Tarehe nayo. Tafuta maandishi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa ghalani, na watengenezaji wengi wanasema likifika miaka kumi liondolewe hata kama kashata ziko nzima. Lakini nenda ukaangalie "mapya" yaliyopangwa juani nje ya maduka, yamepakwa dawa ya kung'arisha, ubavuni yana nyufa kama uso wa bibi yangu, Mungu amrehemu. Na mtumba usiuzungumzie kwa gari la kuvuta. Hujui aliyelitumia alilitembeza kilometa ngapi likiwa halina upepo.

Kuhusu kashata, vijana wanapenda zile kubwa za matope kwa sababu gari linaonekana kali. Kwa anayekwenda lami na tela, hizo ni hasara. Vipande virefu vinayumba, vinapata joto, vinakula mafuta na vinapiga kelele. Kama asilimia kubwa ya safari ni lami, chukua za barabara. Kama kila wiki unaingia kwenye udongo wa mfinyanzi wakati wa masika, chukua zile za kati. Kama gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne, yote manne yawe ya kipimo kimoja na yamechakaa sawasawa, la sivyo utanunua gia baada ya kununua tairi. Usichanganye 7.50R16 na 7.50-16 kwenye ekseli moja. Ile R na kile kistari ni miundo miwili tofauti ya nyuzi.

Na upepo upimwe asubuhi, gari halijatembea. Mtu anayesimama njiani, akakuta tairi la moto limepanda upepo, akaupunguza, amejitengenezea ajali kwa mkono wake.

Haya yote mwananchi anaweza kuyafanya. Lakini kuna yasiyo ya mwananchi. Nchi hii ilikuwa na kiwanda cha matairi Arusha, General Tyre, asilimia 74 mali ya Serikali na 26 ya mbia wa nje. Kilikuwa kinatengeneza matairi ya barabara zetu wenyewe. Yako mashamba ya mpira Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero, yaliyokuwa ya kiwanda hicho. Mwaka 2009 uzalishaji ukasimama. Bungeni kimeulizwa mara ngapi, na kila waziri amejibu kwamba mipango ya kukifufua inaendelea. Majirani zetu Kenya nao walifunga kiwanda cha matairi ya Yana jijini Nairobi mwaka 2016, kwa kushindwa na bei ya matairi ya kutoka nje. Kwa hiyo sote tumekuwa wateja wa kontena, na kinachotoka ndani ya kontena ndicho tunachofunga.

Kazi ya Shirika la Viwango ni kuhakikisha kontena hilo lina tairi na si takataka. Kazi ya askari wa barabarani ni kutazama tairi. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Hakuna anayeweza kusema haijamfikia. Lakini simama kwenye kizuizi chochote uone. Askari anatazama stika kwenye kioo, anatazama leseni, anatazama mfuko. Kuinama atazame namba ya tairi la pikapu inayovuta tela, hainami. Hakuna hata mashine inayotakiwa. Tairi lenyewe limefinyangiwa vialama ndani ya mifereji yake, mpira ukifika hapo zimebaki milimita 1.6 na kazi imekwisha. Macho tu na kidole vinatosha.

Na akishainama kwenye pikapu, atembee hatua nne nyuma atazame matairi ya tela. Huko ndiko tunakopeleka vipara vilivyostaafu kwenye gari, eti tela halina injini.