Baba Akienda Msimu Kenya, Tunza Karatasi Zake za Kodi (Sehemu ya 9)

Leo siongelei homa wala uji wa mtoto. Naongelea kodi, na naomba msipite.

Juzi kliniki alikuja mama, mimba ya miezi minane. Namuuliza, "Hela ya dharura umeweka?" Akainamisha kichwa. Mumewe ni mpishi, kila mwaka anaenda kambi za watalii Maasai Mara, Julai hadi Oktoba. Safari hii mwajiri mpya alitaka cheti cha KRA kwamba hadaiwi kodi. Kuangalia, ana faini za miaka mitatu. Hela ya uzazi ikaishia huko.

"Lakini nesi, PAYE si walikuwa wanamkata?" Ndiyo, walimkata. Kukatwa ni jambo moja, kupeleka ritani ni jingine. Mwenye PIN ya Kenya aliyelipwa mshahara kule, hata kama ni mgeni, anapeleka ritani ya Januari hadi Desemba kwenye iTax, mwisho Juni 30 ya mwaka unaofuata. Akichelewa, faini ni shilingi 2,000 za Kenya au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Na hiyo ni kwa kila mwaka.

Halafu hesabuni siku. Asiye na makazi ya kudumu Kenya, akikaa chini ya siku 183 kwa mwaka, kwa kawaida si mkazi kikodi, na ile nafuu ya 2,400 kwa mwezi haipati. Julai hadi Oktoba ni siku 123. Ila akirudia miaka mitatu mfululizo, wastani unapita 122, sheria inamhesabu mkazi, na nafuu anastahili. Bila tarehe za mpakani, atajuaje ajaze ritani ipi?

Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya wanaume. Mimi nakataa. Faini ikija, inalipwa na hela ya maziwa ya mtoto. Kwa hiyo akirudi Oktoba, kabla hata hajamaliza chai, mwombe PIN na nakala ya pasipoti yenye mihuri. Mwaka ukiisha, amdai mwajiri P9. Weka vyote kwenye mfuko uleule wa kadi ya kliniki.

Una shoga ambaye mume wake yuko msimu? Mtag hapa.