Elimu ya Mtoto Chomboni

Mwezi wa Agosti 2009 mahakama ya Utrecht, nchini Uholanzi, iliipa idara ya ulinzi wa watoto sehemu ya ulezi wa Laura Dekker, binti wa miaka 13 aliyezaliwa New Zealand wazazi wake wakiwa safarini baharini, kwa kuwa alikusudia kuizunguka dunia kwa tanga peke yake, na babaye ameridhia. Wengi walimlaumu hakimu. Mimi naona alitimiza wajibu wake, kama alivyoutimiza hakimu aliyemfungulia njia Julai 2010, maana haki ya dola ni kuuliza mtoto anasoma nini na salama yake i mikononi mwa nani, wala si kuamuru kwamba elimu haipatikani ila penye ubao na kengele. Kumaliza kwake safari hiyo Sint Maarten tarehe 21 Januari 2012 ni ushahidi wa ubaharia wake. Elimu ni hoja nyingine.

Kusomea chomboni si hekaya. Ufaransa ina CNED, taasisi ya serikali iliyoasisiwa 1939 kwa ajili ya wanafunzi waliokoseshwa skuli na vita, nayo hufundisha kwa masafa hata watoto wa mabaharia. Mtoto aliyeshika bikari juu ya ramani, akijua kwamba digrii moja ya latitudo ni maili 60 za bahari, na chombo chashika kaskazini barabara kwa maili 5 kwa saa, hukokotoa mwenyewe kwamba digrii hiyo ni mwendo wa saa 12. Naye akikosea, kosa halisahihishwi kwa wino mwekundu, bali kwa kisiwa kisichoonekana alfajiri.

Walakini (na hapa ndipo mashabiki wa bahari hunyamaza) bahari haifundishi insha, wala tarehe, wala kugombana na kupatana na mtu wa rika lako asiye nduguyo. Na mzazi aliyekesha usukanini aghalabu hana subira ya kusomesha hesabu za sehemu. Sisi wa pwani twalijua hilo: mwana aliyeondoka na kusi kwenda Arabuni alirejea na kaskazi akizijua nyota na mikondo, lakini juzuu yake i pale pale alipoiachia.

Basi wazazi wanaotaka kusomesha watoto chomboni wapewe ruhusa kwa sharti: saa za kitabu zisivunjwe ila kwa dhoruba, na kila muhula mtoto atahiniwe bandarini na mtu asiyekuwa mamaye wala babaye. Anayeona sharti hilo ni adha, amwache mtoto kwa bibi yake, akatweke tanga peke yake.