Acheni Kuliabudu Kontena la Meli

Ukitaka kufungua duka Musoma leo, hutakosa mshauri wa kukwambia uachane na mafundi wa kuchomelea vibanda, uagize kontena la meli kutoka Dar. "Lile ni chuma, hili la fundi ni bati." Maneno hayo yanasemwa Bunda, yanasemwa Butiama, na hakuna anayeyapinga. Mimi nayapinga.

Tuanze na hicho chuma. Ukuta wa kontena la kawaida la futi 20 una unene wa milimita 1.6 hadi 2. Shiti ya geji 16 inayouzwa duka la vifaa vya ujenzi inakaribia hapo hapo. Nguvu ya kontena iko kwenye nguzo zake nne na vile vipande vinane vya chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, kimoja kila pembe, kwa sababu lilitengenezwa kubeba wenzake melini. Soma kibao kilichopigwa ribiti mlangoni. Mara nyingi utakuta uzito wa juu ni kilo 30,480, na mzigo linaoweza kubebeshwa mgongoni ni kilo 192,000. Sasa wewe muuza vocha na soda, nani atakupangia makontena juu ya paa?

Halafu kazi yako ya kwanza ni kumwita fundi yule yule uliyemdharau, akate dirisha na mlango ubavuni. Ile mikunjo ya ukuta ndiyo inayoshikilia fremu. Ikikatwa bila kurudishiwa chuma, paa linanesa, na kingo zilizopitiwa na grenda zinashika kutu masika ya kwanza.

Kuna na sakafu. Ni plaiwudi nene ya milimita 28, na kwa kawaida hutiwa dawa ya wadudu kiwandani ili isihamishe mchwa kutoka bara moja hadi jingine. Ukihifadhi matairi, sawa. Ukimwaga dagaa na unga humo, au ukalaza mtoto, shauri yako.

Kwamba ni nafuu bandarini, hilo kweli, lakini sababu si ubora. Zaidi ya asilimia 90 ya makontena ya dunia yanatengenezwa China, kwa kuwa mzigo wa kuyajaza uko hapo hapo mlangoni mwa kiwanda. Kwetu yanaingia yamejaa, mengi yanarudi matupu, na yaliyochoka baada ya miaka 10 au 15 baharini yanauzwa. Ongeza lori la zaidi ya kilomita 1,300, ongeza kreni ya kushusha tani mbili na ushee. Manispaa ikipanua barabara, unaitafuta kreni tena. Na bado unaambiwa linahamishika!

Wapo mafundi wanaolipua, sikatai: bati jembamba la kuezekea la geji 30, rangi mkono mmoja juu ya kutu, kitasa kinachofunguka kwa bisibisi. Lakini nani aliagiza hivyo? Mteja huyo huyo anayelipa mtumba wa Dar bila kunung'unika, akifika gereji ya kuchomelea anabana mpaka senti ya mwisho. Mlipe vizuri umwagize skwea paipu ya inchi mbili, ukuta wa geji 16, redi oksaidi kabla ya rangi, dari, matundu ya hewa, na paa lenye mteremko, maana lile la meli ni bapa na maji yanatuama.

Halmashauri nazo zisijitoe. Zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kisha zikihitaji kibanda cha ushuru zinatangaza tenda ya "kontena". Wahandisi wa Musoma, Bunda na Butiama wachore ramani moja ya kibanda cha chuma, waandike geji na vipimo, na vikundi vya vijana wanaochomelea vishindanie kazi hiyo.