Plazma, Utando na Saa ya Kutenganisha Damu

Toleo hili limezaliwa na pendekezo ambalo limekuwa likirudiwa miongoni mwa wanaofundisha biolojia, kwamba jina la plazma libaki kwa damu peke yake na utando unaoizunguka seli uitwe utando wa seli basi, kwa kuwa vitu hivyo viwili havina uhusiano na mwanafunzi anachanganywa bure na jina linalofanana. Pendekezo hilo lina nia njema, na historia iko upande wake kwa kiasi fulani, lakini likikubaliwa litayatenga darasani mambo mawili ambayo maabara haiwezi kuyatenga, na watakaolipa gharama ya kosa hilo ni wagonjwa wanaoishi mbali na mashine za kupimia damu.

Kuhusu historia, ukweli usemwe. Plazma ya damu ni majimaji ya manjano hafifu, zaidi kidogo ya nusu ya ujazo wa damu yote, ambayo sehemu yake kubwa, yaani asilimia 90 na ushei, ni maji yaliyobeba protini, chumvi, sukari, homoni na taka za mwili. Ikiondolewa fibrinojeni, ambayo ni protini inayogandisha damu, kinachobaki huitwa seramu. Utando wa plazma ulipata jina lake kwa njia nyingine, kutoka kwa protoplazma, istilahi ambayo Jan Purkinje aliitumia mwaka 1839 na Hugo von Mohl akaihamishia kwenye seli za mimea mwaka 1846, akiwa na maana ya uteute hai uliomo ndani ya seli. Utando huo basi ni mpaka wa uteute wa ndani, na hakuna aliyeuita hivyo kwa kuifikiria damu. Makala ya kwanza inaifuata njia hiyo hadi kwa August Weismann na nadharia yake ya plazma ya uzazi, na msomaji anayetaka nasaba ya majina haya ataipata humo kwa ukamilifu.

Hata hivyo, nasaba ya jina haimalizi kesi, kwa sababu maarifa ya utando wenyewe yalitoka kwenye damu. Mwaka 1925 Evert Gorter na François Grendel, wakiwa Leiden nchini Uholanzi, walizichukua seli nyekundu za damu, wakayatoa mafuta yaliyomo na kuyatandaza juu ya maji, wakaona kwamba eneo lake ni takriban mara mbili ya eneo la uso wa seli hizo, na kwa hesabu hiyo wakahitimisha kuwa utando una tabaka mbili za mafuta. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu seli nyekundu iliyokomaa ya mamalia haina kiini wala tando nyingine za ndani, kwa hiyo mafuta yake yote ni ya utando wa nje. Wakati S. J. Singer na Garth Nicolson walipochapisha mwaka 1972 maelezo yao ya utando kama majimaji ya mafuta ambamo protini huelea, seli nyekundu ilikuwa bado miongoni mwa mashahidi wao wakuu. Mwalimu anayefundisha seli kidato cha kwanza na damu kidato cha pili, kama muhtasari uliotumika kwa miaka mingi ulivyoelekeza, ana daraja hilo mkononi, na inasikitisha kwamba halivuki.

Hoja kuu ya toleo hili ni kwamba plazma ya damu haifafanuliwi vizuri kwa rangi wala kwa orodha ya vilivyomo, kwa kuwa kilichomo hutegemea utando ulioko kati yake na seli. Ndani ya seli nyekundu potasiamu ni zaidi ya mara 20 ya ile iliyomo kwenye plazma, ambako kiwango cha kawaida ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 hivi kwa lita, na tofauti hiyo kubwa hulindwa na pampu iliyomo kwenye utando, ile ambayo Jens Skou aliielezea mwaka 1957, inayotumia nishati kusukuma sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani. Damu ikishatoka mwilini na kuingia kwenye tyubu, pampu haijui kwamba mgonjwa amebaki nyuma, na seli huendelea kula sukari iliyomo kwenye plazma hadi zitakapotenganishwa nayo.

Hapo ndipo Gongo la Mboto, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, inapoingia katika mjadala huu. Sampuli inayotolewa huko, au Majohe, au Chanika, na kutakiwa kupimwa katika hospitali ya Amana au ya Muhimbili, hupita Ukonga, uwanja wa ndege na Tazara kwa Barabara ya Nyerere, na kila aishiye upande huo anajua foleni inavyoweza kuifanya safari hiyo. Katika damu ambayo haijatenganishwa, sukari hupungua kwa wastani wa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mgonjwa aliyefunga, ambaye sukari yake ilikuwa milimoli 7.4 kwa lita alipochomwa sindano, yaani juu ya 7.0 inayotumika kutambua kisukari, baada ya saa mbili anaweza kusomeka 6.5 na kurudishwa nyumbani bila kuanzishiwa matibabu. Tyubu yenye floraidi husaidia, lakini dawa hiyo huchukua muda kabla ya kuuzuia kikamilifu ulaji wa sukari, na saa ya kwanza hupotea hata hivyo.

Wengi hudhani kisanduku cha barafu kinatatua yote, na dhana hiyo inastahili kupingwa kwa nguvu. Baridi hupunguza kasi ya seli kula sukari, na kwa kipimo cha sukari ni msaada wa kweli, lakini baridi hiyohiyo huidumaza pampu ya utando, potasiamu ikavuja kutoka kwenye seli na kuongezeka kwenye plazma, hata mgonjwa mwenye moyo salama akaandikiwa majibu ya kutisha. Kisanduku kimoja kinaokoa kipimo kimoja na kuharibu kingine, na mtaalamu wa maabara asiyefundishwa kuhusu utando hana njia ya kujua ni kipi.

Makala nyingine zinaithibitisha hoja hii kutoka pande tofauti. Ile inayohusu kuvuja damu, ambayo wakazi wa Gongo la Mboto waliouona usiku wa milipuko ya ghala la silaha wa tarehe 16 Februari 2011 hawahitaji kuelezwa uzito wake, inaonyesha kwa nini hemoglobini ya majeruhi inaweza kusomeka vizuri mwanzoni: seli na plazma hupotea pamoja, na kiwango hushuka baadaye tu, maji ya tishu au ya dripu yanapoijaza mishipa. Makala ya malaria inaeleza kwamba seli nyekundu iliyoshambuliwa ikipasuka humwaga kwenye plazma protini ya kimelea iitwayo HRP2, ambayo kipimo cha haraka huendelea kuiona kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Makala fupi ya tone la damu lililokaushwa katika kupima wingi wa virusi vya UKIMWI inakumbusha kwamba tone hilo hubeba na seli zake, na vinasaba vya virusi vilivyomo ndani ya seli vinaweza kuongeza hesabu ambayo plazma peke yake isingeitoa.

Kwa hiyo toleo hili linatetea majina yote mawili yabaki na yafundishwe kwa kukabiliana, na linakwenda mbali zaidi ya darasa. Kila fomu ya maabara iwe na nafasi mbili, ya saa damu ilipotolewa na ya saa plazma ilipotenganishwa na seli, na jibu lisilo na saa hizo lisomwe na daktari kwa tahadhari. Vituo vya afya vya pembezoni vipewe mashine ndogo ya kuzungusha damu na tyubu zenye jeli, ambayo baada ya mzunguko hukaa katikati na kuzizuia seli zisiiguse tena plazma. Gharama yake si ndogo kwa kituo kidogo, lakini anayeishi kilomita 20 kutoka katikati ya jiji ana haki ya kupata jibu linaloeleza hali ya mwili wake, wala si hali ya damu yake baada ya safari.