Upasuaji wa mgongo: mashine inaonyesha njia, lakini nani anaihakikisha?

Munganga akifunga vise katika mfupa wa mgongo, kosa dogo linaweza kuumiza mishipa ya fahamu. Kipimo cha Gertzbein na Robbins cha 1990 kwa kawaida kinakubali vise iliyotoka nje ya mfupa chini ya milimita 2.

Mashine ya kuongoza inasaidia: kamera inafuata vyombo, ekrani inavionyesha juu ya picha ya skana. Lakini alama iliyofungwa ku mfupa ikigongwa, ekrani inaweza kuendelea kuonyesha fasi isiyo ya kweli. Mtu akisimama mbele ya kamera, mashine haioni tena vyombo.

Kwa hiyo hospitali inayotaka kuinunua inapashwa kuuliza mbele ya yote: nani atafundisha timu? Na umeme ukikatika, munganga ataweza kumaliza kazi bila ekrani?