Mererani: Ukuta Umelilinda Jiwe, Nani Ataulinda Mji?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, huwapa wanafunzi wangu wapya ramani ya Tanzania isiyo na majina, nikawaomba waweke nukta mahali ilipo Mererani. Wengi huiweka Arusha. Baadhi huiweka Kilimanjaro. Wachache mno huiweka mahali pake, yaani wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara.

Siwacheki, kwa sababu kosa lao lina mantiki. Kiwanja cha ndege kilicho karibu na Mererani ni KIA, nacho kimo mkoani Kilimanjaro. Wafanyabiashara wakubwa wa vito wamekaa Arusha kwa miongo mingi. Makao makuu ya wilaya yako Orkesumet, mbali kusini katika nyika ya Wamaasai. Makao makuu ya mkoa yako Babati, na msafiri wa kawaida hufika huko kwa kupitia Arusha. Kwa maneno mengine, mwananchi wa Mererani hutoka nje ya mkoa wake ili afike katika ofisi ya mkoa wake! Mji huu unatazamwa na wengi, lakini walio karibu nao si wenye kuuamulia.

Historia yake inathibitisha jambo hilo. Tanzanite iligunduliwa mwaka 1967. Jina lenyewe tulipewa mwaka 1968 na kampuni ya Tiffany ya New York. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha machimbo. Mwaka 1990 eneo likagawanywa katika vitalu vinne, A hadi D. Wachimbaji wadogo wakabaki katika B na D, na kitalu C kikaishia mikononi mwa wawekezaji wakubwa. Mwishoni mwa mwaka 2001, gazeti moja la Marekani lilipohusisha Tanzanite na mtandao wa al-Qaida, Tiffany ile ile ikasimamisha mauzo. Bei ikaporomoka, na kijana aliyekuwa shimoni akalala njaa kwa neno lililoandikwa ng'ambo ya bahari.

Kijana huyo ndiye tunayemwita mwanaapolo. Ametoka Arusha, Kilimanjaro, Singida, Dodoma, na kwingineko. Mara nyingi hana mshahara: mwenye mgodi humlisha, naye husubiri fungu lake siku jiwe litakapoonekana. Jiwe likionekana upande mmoja, watu humiminika huko. Likipotea, nyumba za kupanga hubaki wazi. Mji wa namna hii ni mgumu kuhesabika, na usiohesabika vizuri haupangiwi vizuri. Mafuriko ya mwaka 1998 na yale ya mwaka 2008 yaliwazika makumi ya vijana hao ndani ya mashimo.

Kisha ukaja ukuta. Mwezi Aprili 2018 Rais John Magufuli aliuzindua ukuta wenye urefu wa kilomita 24.5, uliojengwa na vikosi vyetu vya ulinzi kuyazunguka machimbo. Siku hiyo hiyo Mzee Jumanne Ngoma, aliyetambuliwa na Serikali kuwa mgunduzi wa Tanzanite, alipewa shilingi milioni 100, baada ya kungoja nusu karne. Mimi si miongoni mwa wanaoubeza ukuta ule. Jiwe linalochimbwa katika eneo hili dogo tu duniani lilikuwa likivushwa kimagendo mchana kweupe, likakatwa Jaipur na kuwatajirisha wasioujua hata mchanga wa Simanjiro. Nchi yenye heshima hulinda mali yake.

Hata hivyo, baada ya kulilinda jiwe, je, mji wenyewe unalindwa na nani?

Tufanye hesabu nyepesi. Mwezi Juni 2020 Serikali ilinunua kutoka kwa Saniniu Laizer mawe mawili yenye thamani ya shilingi bilioni 7.74. Kwa viwango vya kisheria vya wakati ule, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, vyote viendavyo Serikali Kuu, vinafika takriban shilingi milioni 542. Ushuru wa huduma wa halmashauri, asilimia 0.3, ni takriban shilingi milioni 23. Tena hizo milioni 23 ni za wilaya nzima, si za mji. Bwana Laizer alipoulizwa atafanya nini na utajiri wake, alisema atajenga shule karibu na nyumbani kwake. Tulimpigia makofi, na alistahili. Lakini taifa linalongoja bahati ya mtu mmoja ili watoto wapate darasa halina budi kujiuliza maswali.

Nitajibiwa kwamba madini ni ya Watanzania wote, na kwamba wilaya isiyo na madini nayo ina watoto. Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali. Sidai mrabaha wote ubaki Mererani. Nadai sehemu ndogo iliyotajwa na sheria, ipelekwe moja kwa moja kwenye mamlaka ya mji mdogo, na hesabu zake zibandikwe mahali ambapo muuza chai anaweza kuzisoma. Shimo linaachwa hapo, vumbi linabaki hapo, yatima wanabaki hapo. Anayebeba hasara peke yake hawezi kuambiwa kwamba faida ni ya wote.

Dai la pili halihitaji hata sheria mpya. Mchimbaji hutoka shimoni akiwa mweusi kwa vumbi la kinywe, lakini vumbi linaloua zaidi ni lile la miamba, ambalo huyakakamaza mapafu na kuufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu. Maradhi hayo huitwa silikosisi, hayana tiba ya kuyaondoa, na kinga yake ni kulowesha mwamba unapotobolewa, kuingiza hewa safi, kuvaa barakoa zinazofaa na kupimwa mapema. Hospitali ya Kibong'oto iliyoko Siha inawafahamu vyema wagonjwa wa aina hii.

Sasa tazama: ukuta umetupatia jambo ambalo maofisa wa afya kazini huliota tu. Kila anayeingia machimboni na kila anayetoka hupita langoni. Pale tumeweka askari, kamera na upekuzi ili punje ya jiwe isipotee. Tunashindwaje kuweka pale pale chumba kimoja cha kupimia vifua, na daftari la kumfuatilia kila mwanaapolo hata akihamia mgodi mwingine? Lango linaloweza kupekua soksi ya mtu linaweza pia kumpima mapafu.

Ninyi mlio katika utumishi wa umma mnajua ni dawati lipi jambo hili linaweza kuanzia. Ninyi wanafunzi, mkipewa tena ramani ile, iwekeni nukta Simanjiro, kisha muulize walio jirani na nukta hiyo wanakunywa maji gani na wanavuta hewa gani. Siku moja Tanzanite itakwisha, kwa kuwa ardhi haizai jiwe mara mbili. Ukuta utabaki umesimama, na ndani yake mashimo matupu. Watakaokuwa wamebaki nje ya ukuta ni watu, na hao ndio tunaopaswa kuanza kuwahesabu leo.